Unakula kwa Kuandika Matangazo? Usikubali Dedilaini Ikumalize

Wewe ambaye kazi yako ni kuandika maneno ya kuuza unga, bima, bando na ploti za Kitengela, hii ni yako. Uwe umeajiriwa na ajensi ya matangazo kule Westlands ama wewe ni frilansa wa kejani Roysambu, shida yetu ni moja: siku ina saa 24 na kila mteja anaamini zote ni zake.

Watu wa nje hawaelewi. Mamako akiulizwa kanisani unafanya kazi gani, anajibu, "Anafanya mambo ya kompyuta." Mabeshte wanaona bango kando ya barabara ya Thika likiwa na maneno matano, wanacheka. "Kwani hii ndiyo ilikukosesha usingizi wiki mzima?" Ndiyo, hiyo hiyo. Kabla yabaki matano yalikuwa mia tatu, na kila neno lililofutwa lilikuwa na mtu aliyelitetea kwenye kikao.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma. Sina cheti cha kuonyesha mtu. Nilicho nacho ni kazi nilizopeleka kwa wakati na wateja wachache ambao wakipigiwa simu watasema huyu kijana anaaminika. Kichwa kikikataa kufanya kazi wiki moja, hakuna likizo ya ugonjwa, na kodi ya nyumba bado inangoja tarehe tano. Najua wengi mnaosoma hapa mko hivyo hivyo. Kwa hivyo tuongee kama watu wa kazi moja, bila hadithi za jaba.

Presha kidogo inasaidia, nyingi inaharibu

Usidanganywe kwamba makataa ni adui. Bila tarehe ya mwisho, wengi wetu hatungemaliza hata sentensi. Swali ni presha kiasi gani, na kwa kazi gani.

Mwaka wa 1908, wanasaikolojia wawili Wamarekani, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafunza panya kuchagua njia sahihi kwa kuwapa mshtuko wa umeme kila walipokosea. Kazi ilipokuwa rahisi, mshtuko mkali uliwafanya wajifunze haraka. Kazi ilipokuwa ngumu, mshtuko ukipita kiasi ulianza kuwarudisha nyuma.

Wewe si panya, lakini angalia wiki yako. Kurekebisha bei kwenye tangazo, kupanga orodha, kusahihisha tahajia: hizo unaweza kuzifanya saa tano usiku ukiwa unatetemeka na bado zitoke sawa. Kutafuta wazo jipya la kuuza sabuni ambayo imeuzwa miaka hamsini ni kazi ngumu, na kichwa kilichobanwa hakiitoi. Wengi wetu tunapanga kinyume. Asubuhi tukiwa fresh tunajibu barua pepe, halafu usiku ndio tunatafuta wazo. Geuza. Saa mbili za kwanza za siku yako ziwe za wazo, na visafishio vidogo viachwe kwa dakika za mwisho.

Kuna pia mahali presha inakuwa kitu kingine. Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka wa 2019, lilieleza uchovu mkuu wa kazi kama hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa. Dalili zake ni tatu: unaishiwa nguvu kabisa, unaanza kuichukia au kuidharau kazi yako, na uwezo wako wa kufanya kazi unashuka. Jiulize kwa ukweli. Ukiona ujumbe wa mteja na tumbo linakaza kabla hujausoma, na hali hii ina miezi sasa, hiyo siyo uvivu, na kikombe kingine cha kahawa hakitaiponya.

Hesabu yako ya muda ni ya uongo

Mteja anakuuliza, "Itachukua muda gani?" Wewe unajibu haraka, "Kesho asubuhi." Umejibu ukiwazia siku ambayo stima haipotei, intaneti haisumbui na mtoto wa jirani halii.

Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika kuhusu tabia hii mwaka wa 1979: binadamu hupanga kazi akidhani kila kitu kitaenda vizuri. Mwaka wa 1994, Roger Buehler na wenzake wakachapisha utafiti wa wanafunzi 37 wa saikolojia waliokuwa wanaandika tasnifu zao. Waliulizwa watamaliza baada ya siku ngapi. Wastani wa makadirio ulikuwa kama siku 34. Walimaliza kwa wastani wa kama siku 55. Hata walipoulizwa itachukua muda gani mambo yote yakienda mrama, jibu lao halikufika kwa muda halisi.

Sasa fanya hivi. Kwa wiki mbili, andika kwenye daftari ama simu: kazi gani, ulidhani itachukua saa ngapi, ilichukua saa ngapi. Usibadilishe kitu kingine. Baada ya hapo utajua nambari yako. Mimi nilikuta yangu iko karibu na mara mbili kwa kazi za redio na mara moja na nusu kwa makala za tovuti. Mteja akiniuliza siku hizi, namwambia muda nilioona kwenye daftari, si ule ninaoutamani.

"Tupatie tu na ya Kiswahili"

Kuna dedilaini moja ambayo kila mwandishi wa Nairobi anaijua. Kampeni imeandikwa kwa Kiingereza wiki tatu, imeidhinishwa na kila bosi, imelipiwa nafasi redioni. Ijumaa saa tisa alasiri mtu anakumbuka kuna wasikilizaji wa Kiswahili. Ujumbe unaingia: "Tafsiri tu haraka, ni sekunde thelathini."

Shida ni kwamba Kiswahili hakikubali kubanwa hivyo. Tangazo la redio la sekunde 30 kwa Kiingereza hubeba maneno kama 75 yakisomwa kwa mwendo wa kawaida. Maneno yetu ni marefu, kila silabi inatamkwa, na nikijipima kwa saa ya simu maneno 55 yananitosha sekunde hizo hizo. Ukitafsiri neno kwa neno, msomaji wa tangazo atalazimika kukimbia kama kondakta wa matatu anayetafuta abiria wa mwisho. SMS nayo ni herufi 160, nafasi zikihesabiwa. "Punguzo la asilimia kumi" limekula 24 kabla hujataja ni la nini.

Kwa hivyo ile "tafsiri tu" ni kuandika upya. Mwambie mteja hivyo mapema, kabla ya Ijumaa. Ukipokea brifu ya Kiingereza Jumatatu, uliza siku hiyo hiyo: "Hii itaenda na kwa Kiswahili? Cha sanifu ama cha mtaa? Nani ataidhinisha?" Swali la mwisho ni muhimu kuliko yote. Ukiandika sheng ya Eastlands halafu anayeidhinisha ni mzee wa Mombasa, kazi itarudi mara nne na kosa halitakuwa lako wala lake.

Uliza kabla ya kusema sawa

Presha nyingi huanza pale unaposema "sawa" kwa jambo ambalo hukulielewa. Kabla ya kukubali kazi yoyote, hata kama mfuko umekauka na Fuliza imefika kikomo, pata majibu ya haya manne.

*Inahitajika saa ngapi, na ni saa za wapi?* Kama mteja wako yuko New York na anataka kazi "mwisho wa siku", saa kumi na moja jioni yake ni saa sita usiku yako. Kuanzia mapema Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi, wanaporudisha saa zao nyuma, inakuwa saa saba usiku. Wa London saa kumi na moja yake ni saa moja ama saa mbili usiku hapa, kulingana na majira. Andika saa ya Nairobi kwenye jibu lako ili msije mkagombana.

*Nani ana neno la mwisho?* Mtu mmoja akiidhinisha, kazi inaisha. Watu sita kwenye grupu ya WhatsApp wakiidhinisha, kila mmoja atataka kuacha alama yake.

*Marekebisho ni raundi ngapi?* Sema mbili. Andika mbili. Raundi ya tatu ina bei yake.

*Ni ya haraka kwa sababu gani?* Uliza kwa heshima. Wakati mwingine tangazo linaingia hewani kesho kweli. Wakati mwingine mtu aliahidi bosi wake bila kukuuliza, na ukimpa Alhamisi badala ya Jumatano, atashukuru.

Wengine wanaogopa kuuliza maswali wasionekane washamba. Kwa uzoefu wangu ni kinyume. Mteja akiulizwa maswali manne mazuri anaona amepata mtu wa kazi.

Ukurasa mweupe usikutishe

Sasa umekubali, saa zinayoyoma, na kitu pekee kilichoandikwa ni jina la faili. Hapa ndipo unajikuta umefua nguo, umeosha sufuria na umejua habari zote za ligi ya Uingereza.

David Ogilvy, mmoja wa waandishi wa matangazo waliosifika sana duniani, alipopewa Rolls-Royce miaka ya 1950 alitumia wiki tatu kusoma kuhusu gari lenyewe kabla ya kupata kichwa cha tangazo. Huna wiki tatu, najua. Lakini mara nyingi unapokwama si maneno yamekosekana, ni habari. Hujui unga huu unatofautianaje na ule mwingine. Acha kuandika. Nenda dukani, soma nyuma ya pakiti, muulize mama mboga kwa nini wateja wake wanaununua ama wanaukwepa. Dakika ishirini za hapo zitakupa sentensi ambayo usiku mzima kwenye kiti haungeitoa.

Ukirudi, andika vichwa ishirini vibaya. Vibaya kwa makusudi. Vile vitano vya kwanza ndivyo kila mtu angeandika, kwa hivyo vitoe njiani. Vizuri hujitokeza baadaye, ukishachoka kujaribu kuwa mwerevu.

Weka saa. Francesco Cirillo, Mwitaliano, alianza miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi kutumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 kazi, dakika tano kupumzika. Simu yako inafanya kazi hiyo, ila ukishaiwasha saa iache chumba kingine, ama kwa jirani kama unaishi bedsita. Sophie Leroy alichapisha utafiti mwaka wa 2009 ulioonyesha kwamba ukiruka kutoka kazi moja kwenda nyingine kabla hujaimaliza ya kwanza, sehemu ya akili yako inabaki kule nyuma. Kila ukichungulia WhatsApp "sekunde moja tu", unarudi kwa tangazo ukiwa nusu.

Stima, bando na mwili wako

Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipotelewa na stima, hata uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia giza. Mteja wa ng'ambo hajui KPLC ni nini na hatakuonea huruma. Kuwa na mpango wa pili: chaji laptopu kila ikishuka nusu, weka nakala ya kazi kwenye simu, tenga bando la dharura ambalo huguswi nalo na video, na ujue kafe moja ama rafiki mmoja mtaa mwingine mwenye laini tofauti na yako. Ukiwa na hayo, stima ikipotea utakasirika tu kama watu wengine.

Halafu kuna mwili. Tunajivunia kukesha kana kwamba ni sifa. Kahawa ama kinywaji cha kuongeza nguvu ukikinywa saa nne usiku, saa tisa usiku karibu nusu ya kafeini bado inazunguka mwilini. Unalala lakini hulali. Asubuhi unahitaji vikombe viwili ndio ufunguke, na mzunguko unaanza upya. Kafeini yako ya mwisho iwe alasiri. Usiku kunywa maji, uji, chochote. Na ule chakula cha maana. Smokie pasua mbili kutoka asubuhi hadi usiku si lishe, manze. Chapo madondo kwa kibanda inachukua dakika kumi na tano, na dakika hizo unazipata tena ukirudi na kichwa kinachofanya kazi.

Dedilaini ambayo mteja haifuati

Tuseme ukweli ambao wengi wanaumung'unya. Kinachotunyima usingizi mara nyingi si tarehe ya kupeleka kazi, ni tarehe ya kulipwa. Umefika kwa saa, umetuma, wamesema "kazi safi sana". Halafu kimya. Ajensi moja ilinilipa baada ya miezi minne kazi ambayo ilitaka kwa saa nane. Wakati huo wote landilodi hakutaka kusikia habari ya malipo ya siku 60 ama 90.

Dai amana. Nusu kabla hujaanza, nusu ukipeleka. Kwa mteja mpya, hiyo si tamaa, ni utaratibu. Kama ni kampuni kubwa isiyotoa amana, uliza mapema inalipa baada ya siku ngapi na ujipange kana kwamba pesa hizo hazipo. Fahamu pia kwamba ada ya kitaaluma hukatwa asilimia 5 ya kodi kabla ya kukufikia, kwa hivyo omba cheti cha makato yako kwenye iTax; itakusaidia ukiwasilisha ritani kabla ya Juni 30. Na tangu Januari 2024, kampuni nyingi hazitaki invoisi isiyo ya eTIMS kwa sababu haziwezi kuihesabu kama gharama mbele ya KRA. Jisajili sasa ukiwa umetulia. Usingoje siku ambayo pesa zako zimekwama mezani kwa mhasibu.

Mtu aliye na kodi ya mwezi mmoja imewekwa kando anaweza kumwambia mteja mbaya hapana. Asiye nayo anakubali kila kitu, hata kazi tatu za usiku mmoja. Ukitafuta dawa ya presha, akiba hiyo ndogo inashinda mbinu zote nilizoandika hapa.

"Si ChatGPT itafanya kwa dakika mbili?"

Tangu mwisho wa 2022, ChatGPT ilipotoka, sentensi hii imeongeza presha mpya. Mteja anataka kwa saa moja kile ulichokuwa unapewa siku mbili, na kwa nusu ya bei. Usikasirike, na usijifanye hutumii. Programu hizo zinaweza kukupa muhtasari wa brifu ndefu ama kukuonyesha vichwa vile vitano ambavyo kila mtu angeandika. Lakini haijawahi kupanda matatu ya Umoja, haijui kwa nini neno fulani Buruburu ni mzaha na Kisumu ni tusi. Mwambie mteja unachouza ni hicho: kujua watu, na kuwajibika neno likienda vibaya. Anayetaka maneno ya bure mwache aende. Wengine hurudi.

Ukichelewa, sema mapema

Itafika siku hutaweza. Mtoto ameugua, kuna msiba ocha, kichwa kimegoma. Wanaopoteza wateja ni wale wanaozima simu. Tuma ujumbe kabla ya saa ya mwisho, na uwe na vitu vitatu: ulipofika, utakapomaliza, na unachoweza kutoa sasa. Kwa mfano: "Habari ya mchana. Tangazo la redio liko tayari, nimelituma. Yale mawili ya mtandaoni nitayaleta kesho saa nne asubuhi badala ya leo jioni. Kama la kwanza linahitajika leo lazima, niambie nianze nalo." Hakuna hadithi ndefu, hakuna kulia.

Na kama umefika mahali ujumbe huo wenyewe huwezi kuuandika, kama hulali, huli, ama unaanza kuwaza kwamba afadhali usiwepo, weka kazi chini na uongee na mtu leo. Dadako, rafiki, daktari. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya bure, 1199, ambapo utapata mtu wa kukusikiliza. Tangazo la sabuni linaweza kuandikwa na mtu mwingine.

Usiku wa leo, kabla ya kufunga laptopu, chukua karatasi uandike kazi zote zilizobaki, na mbele ya kila moja hatua ya kwanza na saa utakayoianza. Watafiti Masicampo na Baumeister walionyesha mwaka wa 2011 kwamba kazi isiyokwisha huacha kusumbua akili ukishaiwekea mpango maalum, hata kabla hujaigusa. Itachukua dakika kumi. Halafu zima taa, simu iwe mbali na kitanda. Brifu itakuwa pale pale asubuhi, na asubuhi ndipo mawazo yako mazuri yapo.